Jinsi ya kuiomba Manispaa ya Moshi iunde baraza la ushauri wa teknolojia

Siku hizi ukitaka leseni ya biashara hapa Moshi unaingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, unajaza, unapata kontroo namba, unalipa kwa simu. Kwa kijana mwenye simu janja si kazi. Kwa mama mwenye kiduka cha nafaka Mbuyuni na kiswaswadu chake, kazi inaanzia stesheneri: amtajie kijana wa kompyuta namba yake ya NIDA, amwachie na neno la siri, kisha amlipe. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) nayo imehamia kwenye mfumo, na maswali ni yale yale. Mama huyo hakuna mahali anapokaa na wakubwa kuulizwa mapema kama utaratibu utamfaa. Mwongozo huu ni wa kuomba mahali hapo pawepo.

Nianze na hili ili usipoteze hela: fomu ya ombi hili haipo. Atakayekuambia anaiuza, mwache apite. Kinachotumika ni njia ya kawaida ya serikali za mitaa, yaani mtaa, kata, kisha Baraza la Madiwani, na ukiruka ngazi moja utarudishwa.

Jua jina la unachokiomba

Wengi huangukia hapa. Wanaandika "tunaomba iundwe kamati ya TEHAMA", wanajibiwa kwamba ipo, na jalada linafungwa. Na kweli Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya 2019, inaitaka kila taasisi ya umma iwe na kamati ya kusimamia TEHAMA. Lakini hiyo ni kamati ya ndani, ya watumishi. Muuza mitumba wa Kiborloni hayumo.

Kwa hiyo omba *baraza la ushauri*. Neno "ushauri" lishike sana, maana halimnyang'anyi mtu madaraka, na mkuu wa idara akilisoma hashtuki. Ukiambiwa jambo hilo ni geni, mkumbushe kwamba Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano ya 2003 iliunda baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano pembeni ya mdhibiti mwenyewe. Wewe unataka kitu cha namna hiyo, kidogo, cha mji wako.

Hakikisha pia unaishi kwenye halmashauri unayoiandikia. Mtu wa Uru au Kibosho ananunua kila kitu mjini, lakini halmashauri yake ni ya Wilaya ya Moshi, na yeye ataanzia mkutano mkuu wa kijiji. Walioko Arusha mjini wafuate njia hii hii, ila barua yao inakwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji.

Mtaa

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya mkutano, umwombe aiweke hoja yako kwenye ajenda. Ukiileta chini ya "mengineyo", watu watakuwa wameshaanza kunyanyuka. Siku ya mkutano usitamke "sera ya teknolojia" hata mara moja. Uliza ni nani amewahi kulipa stesheneri ili apate kontroo namba, kisha kaa kimya uwasikilize.

Unachokitafuta pale ni muhtasari. Mtendaji wa mtaa auandike, uonyeshe mahudhurio na uamuzi, usainiwe, ugongwe mhuri. Usiondoke na ahadi ya "nitakuandalia, njoo wiki ijayo" bila kukubaliana siku na saa. Mkutano usio na muhtasari, kwa macho ya ofisi, haukufanyika.

Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Wewe si mjumbe. Omba ualikwe, uende na ukurasa mmoja tu, uzungumze dakika tano. Kabla ya hapo mwone diwani peke yake, maana hoja itakayofika Baraza la Madiwani ataisimamia yeye. Usimwendee kama anayekuja kumfundisha kazi. Mweleze kero uliyoisikia kwenye mkutano, naye ataona mwenyewe kwamba wapiga kura wake wamo humo.

Kama una jamaa kata nyingine, tuseme Njoro, Pasua au Kiborloni, nao wapitishe kwao. Kata moja ikilalamika, inaonekana ina mtu wake mkorofi. Zikiwa tatu, madiwani watatu wanasimama pamoja.

Barua

Iandike kwa Kiswahili cha kiofisi, isizidi kurasa mbili. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

> Mkurugenzi wa Manispaa,
> Halmashauri ya Manispaa ya Moshi.
>
> Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kata ya …
>
> YAH: OMBI LA KUUNDWA KWA BARAZA LA USHAURI WA TEKNOLOJIA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Sisi wakazi wa mtaa wa …, katika mkutano wetu wa tarehe … (muhtasari umeambatishwa), tuliazimia kuiomba Halmashauri iunde baraza la wananchi litakaloishauri kuhusu mifumo ya kielektroniki inayotumiwa na umma, kabla haijaanza kutumika na baada ya kuanza.
>
> Tunapendekeza wajumbe wasiozidi tisa, wakiwemo wafanyabiashara wa sokoni, bodaboda, mtu mwenye ulemavu, mzee, mwalimu, na mtaalamu kutoka chuo kilichopo Moshi. Afisa TEHAMA wa Manispaa awe katibu.
>
> Baraza likutane kila robo mwaka, na ushauri wake uwasilishwe kwa maandishi kwenye kamati husika ya kudumu.

Kwenye hadidu za rejea, yaani orodha ya kazi za baraza unaloliomba, ongeza ulinzi wa taarifa binafsi za wananchi. Sheria Na. 11 ya 2022 ya kulinda taarifa hizo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na yule mama aliyeacha neno la siri stesheneri ni mfano tosha wa kuiwekea ombi lako uzito.

Kuhusu posho, sema mapema. Ukinyamaza, mweka hazina ataisema kwa niaba yako, na atasema hakuna fungu. Waambie wajumbe watajitolea mwaka wa kwanza, na ukumbi uwe wa ofisi ya kata. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Ukifika Mei na ombi lenye gharama, unakuta sahani zimeshaoshwa.

Masijala, halafu kusubiri

Peleka nakala mbili za barua masijala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Mimi niliwahi kuacha barua ofisi moja, nisiyoitaja, kwa kumwamini kaka wa mapokezi aliyenipokea kwa tabasamu zuri mno. Baada ya wiki sita si barua wala kaka.

Ndani, ombi hupita kwa wataalamu, kisha kwenye kamati ya kudumu ya madiwani, kisha Baraza kamili ambalo kwa kawaida hukaa kila robo mwaka. Mkurugenzi ndiye katibu wa Baraza, kwa hiyo muulize kwa upole kama hoja imo kwenye ajenda ya kikao kijacho. Ikiwa kimya kinazidi, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: omba kwa maandishi ujulishwe ombi lako limefikia wapi. Sheria hiyo inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Usiandike kwa hasira, taja tu sheria na tarehe ya mhuri.

Siku ya kikao nenda ukae nyuma, usikilize. Baraza likikubali, likikataa au likisogeza mbele, andika tarehe ya kikao na namba ya azimio kabla hujatoka ukumbini, maana barua yako inayofuata itaanzia na namba hiyo.