Somo: Kabla hujapeleka karatasi kwa mwanasheria

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi jirani na mahakama, hapa Kigoma mjini. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, hata chai nainywa nimesimama. Vijana wanatoka Kasulu, Uvinza, wengine wameshuka kwenye boti pale Kibirizi alfajiri na bahasha ya kaki kwapani. Wengi wanarudi kwangu kuchapa upya, na kosa lenyewe dogo: herufi moja, au saini iliyowahi. Basi nimeona niandike.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Watu husema "nataka muhuri wa mwanasheria" kana kwamba muhuri unapimwa kwa kilo. Wakili atakuuliza: unathibitisha nakala, unaapa, au unasaini mkataba? Nakala atazilinganisha na vyeti halisi ndipo agonge, kwa hiyo vyeti halisi viende navyo. Kiapo ni maneno yako wewe. Ukidanganya humo, kosa la jinai ni lako. Kwenye mkataba, au hati ya uwakilishi ya kumruhusu mwingine atende kwa niaba yako, wakili ni shahidi wa saini.

Kama ni ajira serikalini, soma tangazo kwanza. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita Sekretarieti ya Ajira haiipokei, hata igongwe mihuri kumi, wanataka cheti. Na ninyi wa mkopo: uhakiki wa cheti cha kuzaliwa unafanywa na RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Muhuri wa wakili hauchukui nafasi yake.

Hatua ya 2: Majina, majina, majina

Hapa ndipo penye kazi. Sisi wa huku r na l hutuponyoka. Binti ni Radhia kwenye cheti cha shule, Ladhia kwenye kitambulisho cha NIDA. Mwingine ana majina mawili huku na matatu kule, au babu amekuwa jina la katikati. Usiku kabla ya safari tandaza karatasi zote mkekani, weka kidole chini ya kila jina, soma herufi kwa herufi. Mwombe mtu mwingine naye asome, maana jicho la mwenye jina husoma linachokijua.

Ukikuta tofauti, usiifiche. Mwambie anayekuchapia tangu mwanzo, iingie kwenye kiapo.

Hatua ya 3: Usisaini nyumbani

Nasema tena, usisaini. Mzee mmoja wa Mwandiga alinijia na kiapo kimesainiwa vizuri kwa wino wa bluu, tarehe ya juzi. Wakili akakitazama, akamrudishia. Sehemu ya chini ya kiapo inasema umeapa na kusaini mbele yake, siku ile, mahali pale. Akigonga juu ya saini ya juzi atakuwa ameandika uongo kwa mkono wake. Mzee alilipa kuchapa mara mbili, na sikujisikia vizuri kupokea ile ya pili, ila wino nao unanunuliwa.

Kama fomu inahitaji mdhamini asaini mbele ya wakili, mdhamini aje mwenyewe. Saini haitumwi na bodaboda.

Hatua ya 4: Mtu na muda

Mwenye shahada ya sheria si lazima awe wakili. Unayemtaka ameapishwa kuwa wakili, ana leseni iliyohuishwa kwa mwaka huu, na ni Kamishna wa Viapo, yaani ana mamlaka ya kuapisha watu. Hakimu naye anaweza kukuapisha. Karani wa ofisi hawezi, hata kama muhuri uko kwenye droo yake. Anayekuambia "acha tu, utaikuta jioni imegongwa" muage.

Piga simu kabla, uulize bei papo hapo. Asubuhi mawakili wengi wako mahakamani. Kuanzia saa nane mchana ndiyo utawapata mezani. Beba kitambulisho. Wakili asiyekufahamu ataandika kwamba umetambulishwa kwake na fulani, hivyo mtu anayekujua vizuri akikusindikiza kazi inakuwa nyepesi.

Hatua ya 5: Soma kabla hujatoka mlangoni

Chini ya neno "MBELE YANGU" pawe na jina la wakili, saini, anuani, wadhifa na tarehe, pamoja na mahali kiapo kilipofanyika. Tarehe ikiachwa wazi, kiapo kina kasoro, na ukiwa umesharudi Buhigwe ni nauli nyingine.

MASWALI

Mama yangu hajui kusoma wala kuandika. Itakuwaje?

Ataweka dole gumba. Wakili lazima ahakikishe mama anasomewa yale yaliyoandikwa, kwa lugha anayoielewa, na karatasi ieleze kwamba alisomewa akaelewa. Kama ni Kiha tu, njooni na mtu wa kutafsiri. Na anawe mikono kwanza. Tulipata bibi aliyetoka kukamua mawese. Alama ilitoka doa tupu.

Cheti cha kuzaliwa kimepotea, nina picha yake kwenye simu. Wakili atagonga?

Hapana, hana cha kulinganisha nacho. Anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ofisi ya RITA ya wilaya wakupe kingine. Kiapo cha upotevu wakikihitaji, njoo.

Huyo Radhia na Ladhia, kiapo kinatosha au abadili jina?

Kama majina yote mawili ni ya mtu mmoja na tofauti ni tahajia, mara nyingi kiapo cha kueleza hivyo hupokelewa. Akitaka kuliacha kabisa jina mojawapo, hiyo ni hati ya kubadili jina, na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Aulize kwanza ofisi anakoipeleka, asije akalipia yote mawili.

Kaka yuko Bujumbura, anataka nimuuzie kiwanja chake cha Gungu. Nisaini kwa niaba yake?

Kwanza akupe hati ya uwakilishi. Aisaini hukohuko, Ubalozi wa Tanzania upo Bujumbura. Kiwanja kikiwa na hati miliki, uwakilishi huo nao usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kama ana mke, idhini ya mke itaulizwa.

Wakili wangu wa kesi ya shamba anaweza kuniapisha kwenye kiapo cha kesi hiyohiyo?

Sheria inamkataza, kwa sababu anamwakilisha mhusika. Nenda kwa mwingine, hata wa mlango wa pili.

Unafunga saa ngapi?

Saa kumi na mbili jioni. Umeme ukikatika, nipo nje chini ya mwembe.