Somo: Kupiga Picha za Anga Juu ya Kibo Ukiwa Moshi

Wanachama wapya wa chama chetu cha picha huuliza kwanza wanunue kamera ipi. Swali hilo naliweka kando kwa makusudi, kwa sababu picha nzuri ya anga hutegemea zaidi kujua umesimama wapi, umeelekea upande gani na nuru itatokea wapi saa hiyo. Sisi wakazi wa Moshi tumejaliwa katika hilo: kilele cha Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Mlima Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, kiko karibu kaskazini kamili mwa mji. Mambo mengi yatakayofuata yanatokana na ukweli huo mmoja.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kufuata jua. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, jua la mchana hupita kusini mwa utosi wetu, kwa hiyo uso wa mlima tunaouona kutoka mjini huangazwa moja kwa moja. Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na asubuhi na jioni uso huo hubaki kivulini kwa sehemu kubwa, hata kama anga ni safi. Kwa kuwa Novemba na Desemba zina mvua za vuli, na masika huanza Machi, mimi huwashauri wanafunzi wangu waanze Januari na Februari.

Hatua ya pili: uwe umeshafika kabla ya mapambazuko. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa 12:05 na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, linapanda karibu wima na rangi za alfajiri hupita upesi. Kilele hupata jua dakika kadhaa kabla ya tambarare. Itazame theluji kwa makini: kwanza ni ya kijivu chenye ubuluu, halafu ukingo wake wa mashariki unashika rangi ya waridi, na rangi hiyo inateremka polepole huku migomba iliyo mbele yako ikiwa bado gizani. Baadaye, miteremko ikishapata joto, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kugeuka mawingu, na ndiyo maana mara nyingi kufikia saa nne mlima umeshajifunika.

Hatua ya tatu: linda sehemu zenye mwanga mkali. Ukitumia kamera, anza na ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi nuru) na tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka), kisha punguza mwangaza kidogo chini ya ule ambao kamera inapendekeza. Theluji au wingu likishaungua na kuwa jeupe tupu, hakuna programu itakayorudisha mikunjo yake, ilhali kivuli kilichozidi giza kinaweza kufunguliwa baadaye, hasa ukihifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata. Jua likishatoka kabisa, usilitazame kwa jicho kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera, kwa sababu lenzi hukusanya nuru na inaweza kulidhuru jicho lako moja kwa moja.

Hatua ya nne ni ya usiku, na ndiyo inayohitaji subira zaidi. Chagua usiku usio na mwezi. Anayefuata kalenda ya Hijria anajua kwamba siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi ndizo zenye giza. Ukisimama kusini karibu na mji, taa zote za Moshi zitakuwa kati yako na Kibo. Ni afadhali upande miteremkoni hadi Kibosho au Machame, taa zibaki nyuma yako, au uende mbali kusini hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako taa za mji hubaki kama mstari mdogo kwenye upeo na maji yanaweza kukupa taswira ya nyota. Funga kamera kwenye tripodi (kitegemeo cha miguu mitatu), fungua tundu hadi f/2.8 au f/3.5, weka ISO 1600 hadi 3200. Zima fokasi ya moja kwa moja (kamera kujitafutia yenyewe ukali wa picha), kuza nyota moja angavu kwenye kioo, kisha zungusha pete ya lenzi taratibu mpaka nyota hiyo iwe nukta ndogo kuliko zote.

Kuhusu muda wa shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea nuru, wengi hugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi ili nyota zibaki nukta, zisigeuke mistari: lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha nuru) inatoa takriban sekunde 20. Kwetu kanuni hiyo inahitaji marekebisho, kwa sababu nyota zinazopita utosini mwetu ndizo zinazosogea kwa kasi kuliko zote. Ukielekeza kamera juu, tumia sekunde 15 au pungufu. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota nyingi angani, hupanda juu upande wa kusini, na Agosti unaweza kukipiga mapema usiku bila kukesha.

Hatua ya tano: chora matao ya nyota. Ncha ya kaskazini ya anga, yaani nukta ambayo nyota za kaskazini huonekana kuizunguka, iko nyuzi tatu hivi chini ya upeo wetu, nyuma ya Kibo. Piga picha za sekunde 30 mfululizo kwa saa moja au zaidi, ziunganishe kwa programu, na nyota zitachora matao yanayokizunguka kilele kutoka mashariki hadi magharibi. Kila saa moja huleta tao la nyuzi 15. Ni picha ambayo mlima na mji vimepangwa kwa ajili yake, na ninatamani kila mwanachama aipige.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Arusha. Je, haya yananihusu?

Marahaba. Yanakuhusu, ila pande hubadilika. Mlima Meru uko kaskazini kwa kuelemea mashariki, hivyo matao ya nyota hayatakaa sawasawa juu yake. Lakini mnayo nafasi ambayo sisi hatuna: kutoka katikati ya Arusha, Kibo iko mashariki kwa kuelemea kaskazini, na kuzunguka tarehe 21 Juni jua huchomoza karibu kabisa na upande huohuo. Tafuta mwinuko usiozibwa na miti au majengo, pima upande kwa dira siku moja kabla, na ombea anga safi.

Nina simu tu. Nifanyeje?

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Gusa anga kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ifungwe, kisha shusha mwangaza kwa kidole. Usiku iegemeze simu kwenye kitu imara, tumia hali ya usiku na kipima muda cha sekunde tatu ili kidole kisiitikise. Usitumie flashi.

Mwezi mpevu unaharibu kila kitu?

Unafifisha nyota, ndiyo, lakini Juni na Julai mwezi mpevu hupita upande wa kusini na kuuangaza uso wa Kibo ambao jua linaunyima nuru miezi hiyo. Jaribu ISO 800, f/4 na sekunde 10, kisha rekebisha kwa kuangalia theluji.