Namna ya kutafiti na kuandika hoja ya sheria: kwa mwanafunzi anayeanza Lubumbashi

Mwanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi husoma sheria kwa Kifaransa, lakini matatizo yenyewe humfikia kwa Kiswahili, nyumbani na sokoni. Ndiyo maana nashauri uandike swali kwa Kiswahili kwanza, kabla hujafungua kitabu chochote. Tuseme mama mmoja wa mtaa wa Katuba, mwenye ndoa, amenunua kiwanja bila idhini ya mumewe, na mkononi ana karatasi tu iliyotiwa saini na muuzaji. Ukiuliza "Je, kiwanja ni chake?", umefunga maswali mawili katika fundo moja: je, aliweza kununua peke yake, na je, karatasi ile inampa haki gani juu ya ardhi? Yatenganishe, maana kila moja lina sheria yake.

La kwanza limo katika Sheria ya Familia, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, na hapo ndipo wengi huteleza. Kifungu cha 448 cha zamani kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo na kuwataka wanandoa wakubaliane. Mwenye kopi ya zamani ataandika ukurasa wenye lugha nzuri na kosa tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kunukuu kifungu chochote, hakikisha kama kimerekebishwa, ukitafuta katika Gazeti Rasmi au kwenye tovuti ya Leganet, inayoweka sheria za Kongo. Silabi ya mwalimu, yaani kitabu cha somo lake, hukuonyesha njia, lakini si sheria: mimi niliwahi kunukuu kifungu kutoka kwenye silabi, na siku ya kutetea kazi yangu nikaonyeshwa kwamba neno moja lilikuwa limeachwa, nalo ndilo lililobeba sharti lote.

La pili limo katika sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Dola, yaani serikali, peke yake. Cha 219 kinasema haki ya kufaidi ardhi iliyotolewa na Dola huthibitishwa kwa hati ya usajili tu. Hilo "tu", ambalo katika Kifaransa ni "ne" na "que" zilizoachana katikati ya sentensi, jicho la haraka huliruka.

Katika kuandika, taja kanuni, kisha ukweli wa kesi, kisha hitimisho, bila kuvipanga kinyume: "Kwa mujibu wa kifungu cha 219, haki huthibitishwa kwa hati ya usajili tu; mnunuzi ana karatasi ya mauzo peke yake; kwa hiyo haki yake juu ya kiwanja haijathibitishwa kisheria, ingawa anaweza kumdai muuzaji kwa msingi wa mkataba wao." Katika tanbihi weka aina ya sheria, namba, tarehe na kifungu; kwa hukumu, weka mahakama, tarehe na namba ya kesi, ili msomaji aifikie hati ileile uliyoisoma.