Jinsi ya kuwa kocha wako mwenyewe kwa daftari na dakika kumi za usiku

Mimi ni mshauri nasaha, Dar es Salaam. Wengi wanaofika kwangu hawaumwi, wamekwama tu. Wanajua wanachokitaka, wameapa kila Januari, na bado wako palepale. Hao siwapi mawaidha, kwa sababu mawaidha wameshayasikia kwa mama zao. Nawapa daftari la shule na zoezi hili.

Zana zake nyingi zinatoka kwenye saikolojia chanya, tawi lililopata nguvu mwaka 1998 Martin Seligman alipokuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Hoja yake: fani imejikita mno kutibu kilichoharibika, ikasahau kuchunguza kinachomfanya mtu astawi. Hilo neno "chanya" limewapoteza wengi, wakadhani kazi ni kusimama mbele ya kioo na kujiita mshindi. Sivyo kabisa, na hatua ya 4 itakuonyesha.

Kabla hujaanza: kama ni wiki mbili sasa usingizi hauji, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, au umefikiria kujidhuru, hili silo zoezi lako kwa sasa. Nenda hospitali, mwambie na mtu mmoja wa karibu leo hii.

Hatua ya 1: Mambo matatu, na sababu zake

Kwa usiku saba, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo. Chini ya kila moja andika kwa nini limetokea.

Hapo kwenye sababu ndipo watu wanaporuka, nami niliruka. Mara ya kwanza nilijaza kurasa: "Afya. Familia. Uzima." Usiku wa tano nilikuwa kama karani anayegonga muhuri. Nilipoanza upya nikaandika hivi: "Binti yangu ameniletea chai bila kuitwa. Sababu: jana nilimsikiliza habari za shuleni bila kushika simu." Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi, maana inakuonyesha mkono wako ulipopita.

Seligman na wenzake walilijaribu zoezi hili kwa watu waliojiunga kupitia intaneti, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Furaha haikupanda mara wiki ilipoisha. Ilianza kuonekana baada ya mwezi, ikadumu hadi miezi sita, hasa kwa walioendelea kuandika bila kuambiwa. Kwa hiyo usiku wa nane ukijiona ni yuleyule, usilitupe daftari.

Hatua ya 2: Uliza watu watatu

Waulize wanaokufahamu: "Ni lini uliniona nafanya jambo vizuri bila kusukumwa?" Andika majibu kwa maneno yao, usiyapambe. Christopher Peterson na Seligman waliorodhesha nguvu 24 za tabia mwaka 2004, ukitaka orodha ipo, ila mimi naona jirani anatosha.

Hatua ya 3: Jihoji kwa jina lako

Andika maswali manne, uyajibu kwa maandishi. Yanatokana na mtindo wa makocha uliotangazwa sana na John Whitmore kwenye kitabu chake cha mwaka 1992: Unataka nini hasa? Hali ikoje leo? Una njia zipi? Utafanya ipi, na lini?

Ila usijiulize "mimi". Tumia jina lako: "Asha, unataka nini hasa?" Utajicheka, jicheke. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa majina yao kabla ya kuhutubia walihimili wasiwasi vizuri kuliko waliojisemesha kwa "mimi". Mtu akijiita jina anapata nafasi kidogo ya kujitazama, kama anavyomtazama rafiki. Na rafiki huwa hatumtukani kama tunavyojitukana.

Hatua ya 4: Kizuizi kiandikwe, kisha "nikisha... napita..."

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyeniruhusu nisimulie bila kumtaja, alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu kila jioni. Alitaka kianzio cha pikipiki yake, shilingi 600,000. Kwenye simu alikuwa na picha ya pikipiki nyekundu, anaiangalia kila asubuhi. Picha ilikuwa inamfurahisha, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Gabriele Oettingen ametafiti jambo hili kwa miaka mingi: ndoto tamu tupu hulegeza mwili, kama vile safari imeshaisha. Utafiti wake mmoja wa mwaka 1991 ulifuatilia wanawake waliotaka kupunguza uzito, na waliojichorea picha tamu zaidi ndio waliopungua kidogo zaidi.

Nikamwambia aandike anachotaka, na mstari wa pili kizuizi kilichomo ndani yake. Akaandika: "Maisha magumu." Nikamrudishia. Akaandika: "Bosi mkali." Nikamrudishia tena, maana bosi yuko nje yake. Mara ya tatu alikaa kimya, kisha akaandika: "Nikishatoa hesabu narudi kijiweni. Kijiweni kuna mkeka." Tulipopiga hesabu, mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi, ilikuwa inamla kama elfu tatu kwa siku. Elfu tatu kwa siku 200 ndiyo hiyo 600,000.

Sasa funga kizuizi kwenye tendo moja, kwa sentensi yenye saa au mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeonyesha nguvu ya sentensi za namna hii. Ya kijana wangu ilikuwa: "Nikishampa bosi hesabu, kabla sijarudi kijiweni, napita nyumbani natumbukiza elfu tatu kwenye kibubu." Hakuahidi kuacha kubeti. Ningemkataza angeniitikia "sawa mama" na tusingeonana tena.

Chagua kizuizi kimoja tu. Ukiwa na sentensi tano huna hata moja.

Hatua ya 5: Jumapili, dakika kumi

Hesabu umefanya mara ngapi kati ya saba. Kisha jibu: iliposhindikana, nilikuwa wapi, na nani, saa ngapi? Usiandike "mimi mvivu", hilo ni tusi, halikupi cha kurekebisha.

Ukurasa wa yule kijana wa bodaboda, wiki ya tatu, ulisomeka hivi: "Mara tano. Jumatano mvua, hela haikutosha. Jumamosi watani, Simba na Yanga, sikupita nyumbani, mkeka umechanika." Chini yake akaongeza sentensi mpya kwa wino mwingine: "Siku ya watani natumbukiza asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza."