Suti ya maji baridi: tazama inavyokaa mwilini kabla ya unene

Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa. Neoprini, inayotengenezewa suti hii, ni mpira uliojaa vipovu vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Maji kidogo yanayoingia ndani ya suti hayana neno yakitulia. Yakibadilishwa na mapya kila unapojipinda, hata suti ya milimita 5 haitakuzuia kutetemeka. Ndiyo maana tunaanza na namna inavyokaa.

1. Kuijaribu
Ijaribu ukiwa mkavu. Vaa mfuko wa plastiki mguuni, mguu uteleze. Vuta kwa nyama za vidole, maana kucha huacha mkato kama hilali ambao huzidi kufunguka kila unapovaa. Panda taratibu: kifundo, goti, paja, mpaka msamba wa suti uguse msamba wako, ndipo uingize mikono. Wengi wanaolalamika kuwa mabega yanabana hawakupandisha miguu ya kutosha.

Kisha inua mikono, chuchumaa, jizungushe. Papasa makwapani, msambani na hasa mgongoni juu ya kiuno. Pakiwa na uwazi, hapo ndipo maji yatakapopita. Shingo ibane, ila umeze mate na kuvuta pumzi ndefu bila shida.

2. Unene
Suti iliyoandikwa 4/3 ina milimita 4 kiwiliwili na 3 mikononi na miguuni. Kwa wanaoteleza juu ya mawimbi, makadirio ni haya: maji ya nyuzi 16 hadi 19 za Selsiasi, suti ya 3/2; ya 12 hadi 16, suti ya 4/3; ya 8 hadi 12, suti ya 5/4 pamoja na viatu, glavu na kofia. Anayehisi baridi upesi aongeze milimita moja.

Wapiga mbizi wasifuate makadirio hayo. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu, vipovu hubonyea, na suti hupoteza sehemu ya joto lake.

3. Mishono
Mshono bapa ambao uzi umepenya pande zote mbili huvujisha. Unafaa maji ya uvuguvugu tu. Kwa maji baridi tafuta uliogundishwa kwanza, kisha ukashonwa bila sindano kutokea upande wa pili.

4. Baada ya kutoka majini
Suuza ndani na nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zipu ifunguliwe. Igeuze ndani nje, ikunje kiunoni juu ya hanga nene, kivulini penye upepo. Ukiitundika kwa mabega ikiwa imelowa, uzito wa maji utayavuta. Jua na maji ya moto huikausha neoprini mpaka ipasuke.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, naweza kuitia kwenye mashine ya kufulia?*
Hapana. Mzunguko na joto huharibu gundi ya mishono. Dawa ya kung'arisha nguo nayo usiiguse.

*Imechanika sentimita 2. Nishone?*
Gundisha. Sehemu iwe kavu kabisa. Ifute kwa spiriti. Paka gundi ya neoprini tabaka jembamba kwenye kingo zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10, paka tena, subiri isinate kidoleni, ndipo ubane kingo. Iache saa 24. Wanaoharakisha hubana gundi ikiwa bado mbichi, nayo huachia.

*Shingo inanichubua. Nipake mafuta ya mgando?*
Mafuta yanayotokana na petroli hudhoofisha mpira na gundi. Tumia lanolini (mafuta ya manyoya ya kondoo), au kilainisho kilichotengenezewa suti.

*Suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa, inatunzwaje?*
Zipu ya shaba ipakwe nta kwa nje, meno yasuguliwe kwa mswaki laini. Lateksi (mpira mwembamba unaozuia maji) ya shingoni na kwenye vifundo vya mikono isuuzwe, ikaushwe, ipakwe poda isiyo na manukato. Ikianza kunata au kuonyesha nyufa ndogo ukiivuta, ibadilishwe kabla hujaingia tena majini. Na kumbuka, suti kavu ya kitambaa haina joto lake yenyewe. Joto linatokana na nguo unazovaa ndani.