Sindano ya mama, sindano ya mtoto: jinsi ya kuipanga leba isikukoseshe

Hii naandika kwa yule anaeshika zamu ya usiku kituo kidogo, mko wawili tu, umeme unakwenda unarudi, na ukikosea dawa unaambiwa "kuwa makini". Mimi nazalisha huku Pemba miaka sasa na hilo neno nshalisikia mpaka limenichosha, mana sijapata kumuona mkunga alietoka kwao kaaga watoto kisha akaingia zamu kanuia asiwe makini.

Jambo lilonifungua macho ni hili. Usiku, umeme umekatika, simu nimeibana kwa meno tochi ielekee chini, mama ndo kwanza kajifungua. Nilikuwa nshavuta mabomba mawili mapema nsije nkahangaika, oksitosini yuniti 10 ya mama, ya kukaza kizazi damu isimwagike, na vitamini K miligramu 1 ya mtoto, ya kumkinga asitoke damu, nkayalaza trei moja. Mabomba saizi moja, hayana jina, na kwenye mwanga ule wa simu maji yote rangi moja. Nkanyanyua moja nkaliendea paja la mtoto. Bibi yake alokuwa pembeni na kanga ya kumpokelea akanambia, "Mwanangu, hiyo ya mama au ya mtoto?"

Nkasimama. Wallahi nilikuwa sijui. Nkayatupa yote mawili nkavuta upya.

Sa hapo ungeitwa uandike maelezo, ungeulizwa nani kakosea. Suali lenye faida ni jengine: ile trei ilipangwaje mpaka ikawa rahisi kukosea? Kuna taaluma nzima ya haya, ergonomia, yaani kuipanga kazi na vifaa vimfate binadamu alivyo, anaechoka, anaesahau, anaeona vibaya gizani. Vita Kuu ya Pili marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kisha wanakunja magurudumu wenyewe, ndege inalala tumbo. Mtaalamu wa saikolojia Alphonse Chapanis akaenda kuangalia ndani akakuta swichi ya magurudumu na ya vibawa vya nyuma ya mabawa zimekaa pamoja na zinafanana. Dawa yake ikawa kuweka kishikio cha umbo la gurudumu huku na cha umbo la kabari kule, mkono unajua bila ya jicho. Basi tuifanye na leba iwe hivyo.

Anza kwa kuangalia, usinunue kitu. Zamu moja mtu mmoja asishike kazi, akae na daftari aandike: mara ngapi mtu kaacha mgonjwa akenda kutafuta kitu, mara ngapi kaitwa akiwa anavuta dawa, kipi kimetafutwa zaidi. Asiwe inchaji, mkubwa wenu wa kazi, mana akikaa inchaji na daftari kila mtu anakuwa malaika siku hiyo. Mwisho wa zamu waulize wenzio kitu gani kinawaudhi, watakwambia yote, hata usioyauliza.

Halafu tenganisha. Trei ya mama kulia, ya mtoto iko kwenye meza ya mtoto, hazikutani. Ya mtoto tumia bomba la mililita 1, ya mama kubwa zaidi, ili hata gizani kidole kikujulishe. Ukishavuta dawa bandika plasta uandike jina lake kabla hujaliweka bomba chini, na kama una mwenzio, vitamini K usiivute mpaka ya mama ishachomwa. Ergometrini, nayo dawa ya mama ya kukaza kizazi, ndo ya kuiogopa zaidi, watoto wachanga wameshachomwa kwa kudhaniwa ni vitamini K katika nchi nyingi, wengine wakapata degedege na pumzi kusita. Iweke frijini pamoja na oksitosini, baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na vitamini K ikae kabati jengine kabisa. Kuandika "TAHADHARI" kwa maka nyekundu ukutani mie siamini sana, ukuta wetu una matangazo mpaka dirishani na hapana anaeyasoma.

Magnesiamu nayo, dawa ya kifafa cha mimba. Mama anatetemeka kwa kifafa cha mimba, saa tisa za usiku, na wewe unataka kupiga hesabu: dozi ya mwanzo ya mshipa gramu 4, dawa yenyewe ya asilimia 50, yaani kila mililita ina nusu gramu, kwa hivyo mililita 8, ongeza maji ya sindano 12, ipatikane 20 za kupiga taratibu. Kisha kuna gramu 10 za misuli, 5 kila tako. Hesabu hiyo fanya mchana umekaa, umekunywa chai, ukiwa na muongozo wa kituo mbele yako, mwenzio aikague, muiandike kwenye kadi muibandike ndani ya mfuniko wa kontena la plastiki. Ndani ya kontena mtie dawa, maji, mabomba, kanula, na kalsiamu glukoneti gramu 1 endapo dawa itamzidi mama na pumzi kupungua. Likishatumika linajazwa kabla zamu haijabadilishwa.

Kuna tatizo letu wenyewe Waswahili ambalo vitabu vya nje havitalisema, ni saa. Faili limeandikwa 08:00, mwenzio kakwambia kwa mdomo "ya saa nane", wewe umeelewa mchana. Dozi imechelewa masaa sita hapo na hakuna aliesema uongo. Sie tumekubaliana kwenye karatasi ni saa za tarakimu nne tu, na kwa mdomo lazima useme asubuhi, mchana au usiku, na anaepokea arudie alivyosikia. Madaktari wa Kichina wako hapa Zanzibar tangu 1964, wanajitahidi sana na Kiswahili chetu, lakini saa zetu zinamtatiza mgeni yeyote, kwa hivyo kurudia ndo salama yenu nyote.

Majina hivyo hivyo. Wodi ya vitanda kumi unaweza kuwa na Asha Khamis watatu, na mmoja ana wifi yake Asha vilevile kaja na uji. Usimuulize "wewe ndo Asha?" mtu mwenye uchungu anaitikia eeh kwa kila kitu. Muulize "unaitwa nani, mtoto wa nani, wa shehia gani?" aseme mwenyewe, kisha ndo ukaangalie faili.

Kuhusu kuitwa itwa: tulishona eproni nyekundu, anaeivaa yuko kwenye dawa, asisemeshwe mpaka amalize. Wiki ya kwanza walitucheka, wengine wakasema tunauza samaki marikiti. Na Ramadhani makabidhiano ya zamu msiyaweke karibu na adhana ya magharibi, macho yote yako kwenye tende.

Lilotuwia zito zaidi ni heshima. Bibi alisema kwa sababu mjukuu ni wake, lakini mwanafunzi wa ukunga angeniona nakosea angeinamisha kichwa. Shirika la Afya Duniani 2008 lilitoa orodha ya upasuaji yenye vipengele 19, ikajaribiwa miji minane, mmoja ni Ifakara hapa hapa Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Mle ndani kimo kipengele cha kila mtu kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kisu, ili hata mdogo awe keshafungua mdomo. Sie tukachagua maneno ya adabu: "Sista, tuangalie tena kidogo." Akiyasema yeyote, mikono inasimama, na haulizwi wewe nani. Mara ya kwanza niliambiwa mimi, nkakasirika rohoni, nkasimama hivyo hivyo.

Ukimaliza, pima. Mtoto asiepumua anatakiwa apate pumzi ya ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa, ndani ya dakika moja ya kuzaliwa. Mchana mmoja mwambie mwenzio ghafla "mtoto halii!" ubonyeze saa ya simu. Yetu ilipita dakika tatu, mana ambu ilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa aliekwenda kula. Sasa inaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya mtoto, usawa wa mkono, na meza tumeinyanyua kwa matofali ifike kiunoni usibonyeze umeinama. Ufunguo nao tumeufunga kwenye kipande cha mpira wa ndara, hauingii mfukoni.