Winchi ya pikapu: usibanie waya wa umeme

Kabla ya kununua winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama kwa kamba), chukua uzito wa gari likiwa limepakia, zidisha mara moja na nusu. Pikapu ya tani 3 na mzigo wake inataka winchi ya tani 4.5, yaani karibu pauni 10,000. Namba hiyo ni ya tabaka la kwanza la kamba kwenye ngoma, yaani gurudumu ambalo kamba hujiviringisha. Kamba ikiwa bado imejazana tabaka juu ya tabaka, nguvu hupungua sana.

Ifunge kwa bolti kwenye bamba la chuma lililoshikwa na chesisi. Bampa la plastiki sahau.

Kazi yenyewe iko kwenye umeme. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zote hula hata ampea 400, kwa hiyo usidandie waya wa taa wala wa swichi ya funguo. Toa nyaya nene moja kwa moja kwenye betri, chanya na hasi zote mbili (hasi isiishie kwenye bodi), weka swichi ya kukata umeme jirani na betri, na zipitishe mbali na ekzosi. Unapovuta, injini iwe inaunguruma. Fundi akikwambia waya mwembamba unatosha, tafuta mwingine.